Masega Yaliyokufa na Tumbo la Mama

Mpendwa mshauri,

Kabla sijakueleza shida iliyonileta kwako, naomba nitangaze rasmi, kwa wasomaji wote wa safu hii na kwa yeyote atakayeguswa na habari hizi, kwamba dirisha la nyuma la gari langu, upande wa kushoto, halipandi tena. Lilishushwa, likazama ndani ya mlango, na wanaolijua hawatarajii kuliona tena. Pengo nimeliziba kwa kipande cha pazia. Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hiyo angalau kina pindo.

Sasa msaada wenyewe. Gari hili aliliacha marehemu baba, ni jeupe, la zamani, umri wake unamkaribia mke wangu na nakuomba usimwambie kwamba nimewalinganisha. Kwenye kikao cha familia kaka yangu mkubwa alitaka liuzwe, mimi nikasema hapana, nipeni mimi, mama anaishi kwangu na kliniki yake ya sukari iko ng'ambo ya kilima, nitakuwa nampeleka, na kaka akanitazama kama mtu anayetazama nyama iliyolala, akasema sawa, chukua, ila siku gari likishindwa kumbeba mama, gari linauzwa na mama anahamia kwangu, wote wakaitikia, na mimi nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Tangu hapo mimi si mdogo wake kaka tu, mimi ni mtu mwenye gari, wateja wananiita Mzee wa Jeupe ingawa uzee wenyewe sijaufikia, na nakwambia mshauri, jina kama hilo likishakukaa mwilini ukilivua unabaki uchi.

Basi mwaka huu gari likaanza kunuka. Si kunuka kidogo, ni mayai viza, tena mayai viza yaliyopashwa moto, hasa tukiwa tunapanda kile kilima cha hospitali, na hapo hapo kilimani likaanza kuishiwa pumzi, unakanyaga mafuta linanguruma tu kama mtu anayebishana bila hoja, malori yenye kokoto yanatupita na utingo wanatupungia mkono. Nikalipeleka kwa fundi. Fundi akaingia chini, akagonga kitu kwa ubapa wa mkono, kikalia kama kopo lenye changarawe, akatoka akijipangusa na kuniambia, "Masega yamekufa, bosi."

Nikamuuliza masega gani. Kumbe kwenye bomba la moshi kuna kopo la chuma, na ndani ya kopo kuna kitu chenye vitundu vidogo vidogo kama vile nyuki wanavyojenga, moshi wa injini unapita humo ukapunguzwa sumu ndipo utoke nje, na mafundi wanakiita masega kwa sababu jina lake la dukani ni refu kuliko chenyewe. Yakiungua yanaziba, moshi unakosa njia, gari linakosa nguvu, na ile harufu inaanza. Fundi akasema masega mapya ni ghali, ya mtumba ni bahati nasibu, "au tuyatoboe kwa nondo tuyamwage yote, bomba libaki tupu, litapiga kelele lakini kilima litapanda." Nikamjibu nitafikiri. Niliposema nitafikiri nilikuwa na maana kwamba nitasubiri lipone lenyewe.

Siku ya kliniki iliyofuata mke wangu alikaa mbele na mimi, mama akakaa nyuma upande wa kushoto na mfuko wake wa dawa mapajani. Katikati ya kilima harufu ikaja. Mke wangu akashusha kioo chake. Kisha akageuka, akanyoosha mkono mpaka nyuma, akamshushia mama kioo chake pia, kwa nguvu, ndiyo maana leo hakipandi, na hakusema neno. Angesema ingekuwa afadhali. Mimi nilikuwa natazama barabara, mshauri, sijawahi kuitazama barabara kwa makini kama siku ile. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Nisameheni, wanangu. Tumbo la uzee hili."

"Hakuna neno, mama," mke wangu akasema, "yanatokea."

Na mimi niliyekuwa najua, mimi niliyeambiwa na fundi, nikasema, "Tunakaribia kufika, mama."

Usinihukumu haraka. Mke wangu na mke wa kaka wanazungumza kwenye simu kila siku ya Mungu, neno likidondoka kwangu linaokotwa kwa kaka kabla chai haijapoa, na kaka akisikia gari ni bovu atakuja na mnunuzi mkononi. Nikajisemea ngoja nitafute masega ya mtumba kimya kimya, mambo yaishe. Lakini jioni moja tuko mezani fundi akapiga simu, na huyu fundi hajui kuongea taratibu, amezoea kushindana na injini, akapaza sauti, "Bosi! Vipi yale masega?" Mke wangu akauliza, "Masega gani?" Mdomo wangu bila hata kunishauri ukajibu, "Ya nyuki. Kuna mtu anauza asali."

"Asali safi?"

"Safi kabisa."

"Basi niletee."

Ikabidi ninunue asali. Nikaleta chupa kubwa yenye picha ya nyuki anayecheka, nikadhani nimejinasua. Kumbe mwenzangu alikuwa anamfikiria mama mkwe wake, tena kwa roho safi, siwezi kumlaumu kwa hilo. Asubuhi namkuta amekoroga vijiko viwili kwenye maji ya uvuguvugu, anamwambia, "Kunywa, mama, inasafisha tumbo." Nikasema, lakini mama ana sukari. Akanitolea macho: "Asali si sukari, asali ni dawa. Na si wewe mwenyewe uliyesema ni safi?" La kujibu lilikuwa moja tu, nikachukua funguo nikaenda kazini.

Sasa mama anakunywa asali kila asubuhi. Na ikifika siku ya kliniki anashinda njaa tangu siku iliyotangulia, chakula anakisukuma pembeni, anasema hataki kutuaibisha njiani. Mara ya mwisho muuguzi alitazama vipimo, akamfokea, "Bibi, unakula nini wewe?" Mama akasema hali kitu. Muuguzi akanitazama mimi, kama kuniambia wazee bwana, nami nikatikisa kichwa, kama kumwambia kweli, wazee. Wiki hii nimemfungulia mlango wa gari akakataa kupanda. Alikuwa ameshavaa na mfuko ameushika. Akasema, "Nendeni na safari zenu. Mimi nitawachafulia gari la baba yenu." Akarudi ndani akajifunga chumbani.

Huwa najifariji kwamba mama naye ana pua, angejua mwenyewe kama ni yeye au ni gari, kwa hiyo labda hili la tumbo anasingizia tu kwa sababu amechoka na kliniki. Mke wangu anasema ni uzee umempanda kichwani, na ushahidi anao: juzi jiko la gesi lilibaki wazi bila moto, nyumba nzima inanuka, sisi tunakimbilia madirisha, mama amekaa palepale jikoni anachambua mchele, anatuuliza mnakimbia nini.

Swali langu ni hili. Ninunue masega ya mtumba, au nimruhusu fundi ayatoboe? Na yakitobolewa, je, harufu itakata kabla ya siku nyingine ya kliniki, ili mama apande, tumbo lionekane limepona kwa asali, mke wangu afurahi, na kaka asijue chochote?

Tafadhali jina langu lisitoke gazetini.

Mzee wa Jeupe

*

Mzee wa Jeupe,

Pole. Nimeiweka mwanzoni kwa sababu huko mbele sina nyingine.

Umeniandikia barua ndefu yenye mama mgonjwa ndani yake, halafu swali ukauliza la bomba. Nitakujibu na la bomba, usiwe na wasiwasi, lakini litasubiri foleni.

Kwanza weka gazeti chini, nenda ukaitoe ile chupa mezani. Asali ni sukari. Iwe safi, iwe chafu, iwe imetoka kwa nyuki au kwa mdomo wako, mwilini mwa mama yako ni sukari, na yule nyuki kwenye chupa anajua anachokicheka. Mgonjwa anayetumia dawa za sukari halafu anashinda njaa, kesho yake ananyweshwa asali, sukari yake inapanda na kushuka bila mpangilio, na kuna siku itashuka asiamke. Si maneno ya kukutisha, muulize huyo muuguzi uliyemtikisia kichwa. Tena mwambie yote, asali na njaa, mama yako akiwa amekaa hapo anasikia. Muuguzi alimwona yeye mwongo. Wewe ulikuwepo, na ulikuwa unajua mwongo ni nani.

Pili, mama aende kliniki kesho. Si siku yake, najua, aende hivyo hivyo. Kodi teksi, panda naye basi, omba jirani. Gari lako lisimbebe mtu yeyote mpaka lichunguzwe, maana bomba likiziba moshi hutafuta pa kuvujia, na ukivuja chini ya viti unaingia ndani na sumu ambayo hainuki kabisa. Hiyo harufu ya mayai ni tangazo tu. Inayoua haitangazi. Na kipande cha pazia, hata kikiwa na pindo, hakizuii.

Tatu, bomba lako. Mimi si fundi, ila nina gari la zamani kama lako na nimeshalia kama wewe, kwa hiyo nilimuuliza fundi wangu. Hakuuliza masega ni ya aina gani. Aliuliza, "Yaliuawa na nini?" Masega hayafi hivi hivi tu, bwana. Injini ikila oili, au plagi zikichoka mafuta yakapita bila kuungua, vyote vinakwenda kuishia kwenye yale matundu, yanaungua, yanaziba. Ukinunua mengine ukayafunga nyuma ya injini ile ile mbovu, umepeleka mengine yakauawe. Kuyatoboa ni kumtoa mlinzi getini ili usisikie akilalamika: gari litapanda kilima, na ile sumu yote itapuliziwa anayetembea nyuma yako. Siku ya ukaguzi utalazwa nalo kituoni. Kwa hiyo mwambie fundi wako apunguze sauti na aanzie mbele: plagi, oili, mafuta yanayoingia kwa wingi. Akishamaliza huko ndipo yaje masega mapya. Ya mtumba uyachukue tu kama umeona yakipimwa. Kama uwezo huna, na naona huna, gari liuzwe. Harufu ilitokea nyuma, ugonjwa uko mbele, na mbele hapo sizungumzii injini peke yake.

Mke wako simsemi sana. Alishusha kioo kwa ghadhabu, hilo amwombe mama mkwe wake radhi yeye mwenyewe. Lakini alikoroga asali kwa moyo mzuri, na asali hiyo ulimpa wewe.

Sasa la nne, ambalo ulikuwa unalizunguka kama mtu anayetafuta maegesho. Utamwambia mama. Hutamwambia pembeni, hutamnong'oneza mlangoni ukiwa na haraka. Aliaibishwa mbele ya mkeo, asafishwe mbele ya mkeo, na kaka yako mwite awepo. Sema hivi: "Mama, haikuwa wewe. Ni gari. Nilikuwa najua." Basi, usiongeze kitu. Usianze kueleza masega ni nini. Ukianza kueleza utajikuta unajitetea, nakujua, nimesoma barua yako.

Kaka atasema, "Si nilisema?" Mwache aseme, kweli alisema. Atataka gari liuzwe na mama ahamie kwake. La gari aongee nawe. La mama aulizwe mama mwenyewe. Huenda akachagua kwenda. Ukimbebea mfuko wa dawa mpaka mlangoni kwa kaka, na kila siku ya kliniki ukaenda kwa basi kumchukua, utakuwa umetimiza ulichoahidi kwenye kile kikao, bila gari. Jina la Mzee wa Jeupe litakwisha. Wateja watakuita fundi mapazia, ambalo ndilo ulilokuwa nalo, na halikuwahi kukuua.

Nimebakiza ile faraja yako, kwamba mama naye ana pua, angejua. Rudi kwenye barua yako uisome pale kwenye gesi. Nyumba nzima inanuka, ninyi mnakimbilia madirisha, yeye kakaa jikoni kwenye gesi yenyewe, anauliza mnakimbia nini. Mkeo anasema ni uzee wa kichwa. Kichwa chake ni kizima: anakumbuka siku za kliniki, anakumbuka gari ni la nani, na anakumbuka kuomba radhi. Kesho mwambie daktari ampime na hilo, na jiko la gesi asiachiwe peke yake tena.

Siku ile kilimani aliona mkono unakuja kushusha kioo cha upande wake. Akaona kisogo chako hakigeuki. Akawaamini.

Mama yako hasikii harufu.