Nilimkataza Bibi Kumwita Mwanangu "Mume Wangu"

Mpendwa Bi Biubwa,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Nakuandikia nikiwa saluni kwangu hapa Sofu, Kibaha, mteja mmoja yuko chini ya draya na mwingine ananiangalia kwenye kioo akidhani naandika orodha ya rasta za kununua, kumbe nalia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Naila ana miaka minane na mdogo wake Shomari anatimiza sita mwezi ujao, na huyu Shomari tulimpa jina la babu yake, baba wa mume wangu, aliyefariki miezi miwili kabla mtoto hajazaliwa. Mume wangu Sadick ni fundi wa malori kule Mlandizi na Desemba hana nafasi kabisa, na mimi Desemba ndiyo wanawake wote wa Kibaha wanakumbuka kuwa wana nywele, kwa hiyo kila shule zikifungwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, anatoka Kisarawe anakuja kukaa na wajukuu mpaka shule zifunguliwe. Sijawahi kumwomba, anakuja mwenyewe na ndoo yake ya mihogo na korosho alizobangua kwa mikono yake.

Sasa unajua bibi na wajukuu. Akifika getini hapigi hodi kama watu wengine, anauliza, "Mume wangu yumo humu, au ameshaoa mwingine?" na Shomari popote alipo, hata kama yuko chooni, anapiga kelele, "Nimo mke wangu, umeniletea nini?" Naila yeye ni mke mwenza, na kazi yao ni kugombana kutwa nzima nani amempikia mume vizuri, na bwana mwenyewe amekaa kwenye kigoda anajidai, anasema, "Msigombane, nitakula kote kote." Hata mimi akiniona alikuwa anasema, "Mama mkwe wangu hajambo?" kwa sababu kama mwanangu ni mume wake basi mimi ni mkwe wake, na mimi nilikuwa najibu, "Shikamoo Mama," naendelea na shughuli zangu, maana sikujua mtu anajibu nini hapo.

Siku ya kufunga shule mwalimu wa awali aliniita pembeni, akarudishia mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani analala na Shomari. Kumbe darasani walikuwa wanataja watu wa nyumbani, mwanangu akasimama akasema yeye ana mke, na mke wake akija likizo wanalala kitanda kimoja na anamfunika shuka. Nilimweleza mwalimu kuwa ni bibi yake, akacheka, kwake yakaisha, lakini kwangu hayakuisha, maana wazazi wawili walikuwa nje ya mlango na walisikia, nikarudi nyumbani uso umeniwaka, nikaanza kusoma mambo ya malezi kwenye simu, nikasoma na kusoma mpaka nikajiaminisha kuwa mama mkwe ananiharibia mtoto.

Akaja Jumamosi kama kawaida yake. Kesho yake tulikuwa uani, jirani yetu Mama Ponsiano amekuja kuazima mapema sufuria kubwa ya pilau la Krismasi, na Shomari amelala mapajani kwa bibi anakatwa kucha, bibi anamwambia, "Tulia mume wangu, nikikukata kidole watasema nakupiga," wakacheka wote, Mama Ponsiano akacheka mpaka akakaa chini, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasema kwa sauti, "Mama, naomba hayo maneno ya mume na mke yaishe. Yanaharibu watoto. Mtoto ana jina lake, mwite kwa jina lake."

Mama mkwe akamaliza ukucha mmoja uliobaki, akakung'uta nguo yake, akasema, "Sawa mwanangu. Nyumba ni yako."

Bi Biubwa, bora angenitukana. Alipika, alifua, aliwaogesha, hakununa hata kidogo, lakini Shomari hakuitwa tena mume wala hakuitwa jina lake. Akimtaka alisema, "We mtoto," au, "Kijana, njoo hapa," na mara moja nilimwona amefungua mdomo kama anayetaka kumwita, akaufunga, akanyanyuka na miguu yake inayomuuma akamfuata kule nje alikokuwa anacheza. Mimi nikaona ananikomoa. Siku ya tatu akasema mvua imenyesha na palizi inamsubiri, akabeba ndoo yake akaondoka.

Leo ni siku ya tisa tangu aondoke. Shomari hali, akila ni vijiko viwili. Jana nilikuwa nafua nikawasikia chini ya dirisha, anamuuliza dada yake, "Naila, bibi ameniacha?" na Naila anamjibu kwa ukali wa mwalimu, "Mwanamke haachi. Anayetoa talaka ni mwanamume, na wewe kuandika hujui." Nilitaka kucheka ikashindikana. Nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti kubwa, nikampa Shomari simu, na kutoka upande wa pili ikaja sauti, "Hujambo mtoto mzuri?" Mwanangu akasema, "Mimi siyo mtoto mzuri," akanirudishia simu, akaenda kuingia uvunguni. Nikamuuliza mama mkwe kama atarudi kabla shule hazijafunguliwa, maana alimwahidi Shomari kuwa siku ya kwanza ya darasa la kwanza atampeleka yeye, akasema, "Sisi hatujambo mwanangu, wala usiwe na wasiwasi, tutaona Mungu akijalia." Ile sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza na karani wa ofisini.

Mume wangu hajanigombeza. Amesema tu, "Mimi siingii kati yako na Mama." Nimefikiria kumtuma yeye hivyo hivyo, au nitume ujumbe mzuri wa simu, au ninyamaze tu yapite, mtoto atasahau.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nililelewa na shangazi yangu pale Tumbi, nyumba ya heshima, tunasalimiana asubuhi na jioni, na hakuna hata siku moja mtu mzima aliyenitania. Bibi zangu wote sikuwakuta. Wale walipokuwa wanacheka pale uani nilijiona kama mtu aliyeleta mzigo na anasubiri kuondoka, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siyo mwalimu, Bi Biubwa. Ni wivu. Je, nimemkosea mama mkwe, au nina haki yangu kama mama? Nifanye nini?

Mama Naila, Sofu, Kibaha

*

Mama Naila,

Kwanza mtoe huyo mteja kwenye draya, ataungua masikio.

Sikukucheka, ila kwa Naila nilishindwa kujizuia. Huyo binti mtunze, mtamhitaji siku mkiwa na kesi. Na nakupa pole, kwa sababu umeandika ukurasa mzima kuhusu mwalimu kisha mwishoni ukasema kweli, na wengi wanaoniandikia hawafiki huko mwishoni. Wivu wako hauna aibu yoyote. Mtoto ambaye hakutaniwa akikua haelewi utani ni chakula cha namna gani, anaona tu wenzake wanakula na yeye hakukaribishwa. Lakini wewe ulikaribishwa, mama! Umeniandikia mwenyewe. Kila mwaka yule mzee alisimama getini kwako akauliza, "Mama mkwe wangu hajambo?" na wewe ukampa shikamoo kama unampa risiti.

Mwalimu usimlaumu hata kidogo. Mtoto amesema analala na mtu, mwalimu ameuliza ni nani. Natamani walimu wote wangeuliza hivyo. Shule zikifunguliwa mpelekee salamu umshukuru. Na watoto wako uwafundishe jambo moja, kwa maneno mepesi: utani wa bibi unasemwa uani, mbele ya baba, mbele ya mama, mbele ya jirani mwenye sufuria. Mtu anayekuambia jambo kisha anasema "usimwambie mama", huyo hatanii, na mama aambiwe siku hiyo hiyo. Ukiwafundisha hilo umewalinda kuliko kumfunga mdomo bibi yao.

Sasa tuje kwenye kosa lako, maana unadhani ulimkosea mama mkwe kwa kumsema mbele ya Mama Ponsiano. Hilo ni kosa, tena la utovu wa adabu, na ungekuwa binti yangu ningekufinya. Lakini siyo lililompeleka Kisarawe.

Ulimwambia amwite mtoto kwa jina lake. Jina lipi? Shomari. Na Shomari ni nani kwa Bi Mwanaamina? Ni mume wake. Wanawake wa rika lake, wa huko kwao, hawatamki jina la mume. Alikuwa "Baba Sadick" tangu Sadick azaliwe, na kabla ya hapo alikuwa "huyu bwana". Leo akitoka kazini muulize mumeo kama amewahi hata mara moja kumsikia mama yake akitaja jina la baba yake. Halafu mzee akafariki, na miezi miwili baadaye mkampa mjukuu jina lile lile, jambo jema kabisa, lakini hamkujiuliza mjane atamwitaje mtoto huyu. Akajitafutia njia mwenyewe. "Mume wangu." Watoto wakacheka, majirani wakacheka, na yeye akapata mahali pa kulisemea neno ambalo nyumbani kwake hakuna tena wa kuitika.

Wewe ukalikataza. Mama yangu, pale ulipomwona amefungua mdomo akaufunga, hakuwa anakukomoa. Alikuwa anajaribu kukutii, akashindwa. Akaona aibu ya kushindwa, ndipo akasingizia palizi.

Najua hukujua. Ndiyo maana nakuandikia kwa upole, ingawa mkono unaniwasha.

Unauliza kama una haki kama mama. Unayo. Una haki ya kusema mtoto asile korosho kabla ya chakula, una haki ya kusema Shomari alale kitandani kwake na bibi alale kitandani kwa bibi. Hayo yaseme, kwa adabu, mkiwa wawili. Lakini mapenzi ya watu wawili ambayo hayajamdhuru mtu huna haki ya kuyahariri kwa sababu yanakupita pembeni.

Usimtume mumeo. Ametamka neno la akili kuliko yote kwenye barua yako. Usitume ujumbe wa simu, hata uwe mzuri namna gani. Na hayo ya kunyamaza mtoto asahau uyaache kabisa. Mtoto wa miaka sita anayeingia uvunguni kwa sababu ya simu hasahau, anazoea tu, na ubaya wa kuzoea ni kwamba mwakani atamwamkia bibi yake "shikamoo" kama anavyomwamkia mjumbe wa nyumba kumi.

Fanya hivi. Alhamisi funga saluni. Najua ni Desemba, wateja watakasirika, waache wafunge vilemba. Kabla hujaondoka vuka kwa Mama Ponsiano umwambie, "Siku ile nilikosea," kwa sababu ulimkosea mzee mbele ya shahidi, basi shahidi naye asikie. Mvalishe Shomari kanzu yake na kofia, mchukue na Naila, mpande gari mpaka Kisarawe. Mkifika usianze kueleza hapo mlangoni. Waache watoto uani, mfuate jikoni, piga goti, sema maneno machache: "Mama, nilikosea. Sikujua nilichokukataza." Usitaje mwalimu. Usitaje simu na malezi. Akilia, kaa naye. Akisema "yameisha mwanangu", usiinuke upesi, maana huyo mzee ni hodari wa kusema sawa.

Kisha mtoke nje. Mke aliyekwenda kwao anafuatwa na mume wake, na mume mdogo kama huyu anasindikizwa na mzee wake. Mzee wake ni wewe. Shomari aseme mwenyewe kwa mdomo wake kuwa amekuja kumchukua mkewe, ili asipelekwe shule na mtu mwingine. Na wewe usimame nyuma ya mwanao kama mama wa bwana harusi anavyosimama. Bi Mwanaamina akikugeukia akakuuliza kama mkwe wake hajambo, jibu. Mwambie hujambo ila umechoka kupika, mwanao hali, na mke gani huyu anayeondoka siku zote hizi kwa ajili ya majani ya shambani. Ulimi utakuwa mzito mara ya kwanza. Sema hivyo hivyo. Sauti ikitetemeka hakuna atakayekuuliza, watakuwa wanacheka.

Na usipige simu kwanza kumwambia mnakuja. Ukipiga atakuambia hajambo, usijisumbue mwanangu, na wewe, kwa kuwa una wateja na mvua inanyesha, utamwamini.

Bi Biubwa