Skrubu iliyolegezwa wakati wa maombi

Ndila, aki sikia haya.

Ile ndege ndogo ya rimoti ya Mulei, wiki nzima ameihangaikia huko Kamenu mpaka injini yake ya petroli ikakubali kunguruma polepole bila kuzima. Leo akaileta Mugutha kuirusha mara ya kwanza.

Injini inanguruma, mama yake akasema lazima iombewe. Sawa. Mulei akafumba macho. Kufumbua, injini inanong'ona. Maskini akadhani ni baraka!

Ikapaa vizuri. Alipopunguza mafuta ishuke, injini ikazima. Puu! Ndani ya zizi la nguruwe. Kwenye mavi, Ndila.

Mulei akaichomoa kwa mikono, akaikagua. "Nani ameguza skrubu ya kabureta, ile inayozuia injini isizime?"

Shemeji yake, huyo Mwendwa, bila haya: "Ni mimi, wakati wa maombi. Nililegeza kidogo na bisibisi yako, kelele ipungue, amina isikike."

AMINA ISIKIKE!!

Halafu huyo huyo akasema tufumbe macho tena, tushukuru hakuna mtu ameumia. Na tukafumba, wajinga sisi.

Mulei peke yake hakufumba. Alisimama hapo, mavi mpaka kwenye viwiko, ameshikilia bisibisi yake kwa mikono miwili.