Dawa ya Kifafa Kinyozini

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mimi mzima, kifua kimetulia. Wifi kaniambia kinyozi wetu siku hizi hanyoi hata ndevu zake, saluni imefungwa na wewe unalala mchana kutwa.

Nisikilize. Kazi yangu hapa maabara ni kupima umeme wa seli za ubongo. Kila seli ina vijilango vya kupitisha chembe za chumvi. Vile vya potasiamu vikifunguka, seli inatulia. Kwa baadhi ya wenye sonona, ugonjwa wa huzuni kama huo wako, tunadhani havifunguki vya kutosha, seli zinapiga kelele bila kupumzika. Kuna dawa ya zamani ya kifafa inayovifungua, na madaktari wa kwenu wanaijaribu kwa sonona. Nenda. Usiniambie "nitaona".

Dada yako

18 Machi

Dada, shikamoo.

Hatujambo, ila mtoto ana mafua. Nilikwenda. Mwanzoni sikuona kitu, nikakulaani wewe na vijilango vyako. Halafu juzi nikajikuta napiga mluzi huku nanoa wembe. Wifi yako akatoka jikoni kuangalia kaja mgeni gani. Saluni nimefungua.

Mdogo wako

6 Aprili

Dada, shikamoo.

Tupo, hivyo hivyo. Mama mkwe kaja kututembelea, kaiona pakiti, kasoma "kifafa". Lo! Mama yule siri haikai kinywani, hata iwe yake. Sasa mtaa mzima unajua mkwe wake anaanguka. Nani atampa kinyozi wa kifafa shingo yake? Nakaa na viti vitupu. Vidonge nimeacha.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Hali yako? Usinijibu "njema". Dawa hii haiachwi ghafla, rudi kwa daktari leo. Kisha mwambie mama mkwe unaumwa nini hasa. Unaogopa aibu ya sonona, na ya kifafa umeshapewa bure! Wala hakuna iliyo aibu.

Naogopa kukupoteza. Nimeona nikuambie wazi.

Dada yako

29 Mei

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Nilianguka kweli, ila kitandani, sonona ilinirudia. Wifi yako ndiye aliyenikokota kwa daktari, nikarudishiwa dawa.

Nilipopata nguvu nilimwendea mama mkwe nikamwambia yote, sonona, seli, potasiamu, kwa hasira hata kumwamkia nikasahau. Akafunga mlango. Mama yule, kufunga mlango! Kisha akasema, "Mume wangu alilala hivyo mpaka akafa. Nilimwita mvivu mpaka siku ya kumzika."

Kesho yake akaja saluni, saa ya watu wengi, akavua kitambaa, akakaa kitini. "Ninyoe. Kwa wembe." Mkwe wangu, dada! Watu wamejazana mlangoni. Nikamnyoa kichwa chote bila kumkwaruza. Fundi wa magari akasema, "Anayefuata ni mimi."

Alipoinuka akaniuliza kwa sauti ndogo: "Hiyo dawa ingemfaa mume wangu?" Nimwambie nini?

Mdogo wako

4 Juni

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Nimelia mbele ya mashine, kazi ya asubuhi ikaharibika yote.

Mpe salamu mama mkwe. Mwambie kama ingemfaa sijui, na huku hakuna anayejua. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii. Lakini mumewe hakuwa mvivu. Hilo nalijua, na mwambie nimelisema mimi.

Dada yako