Vidonge Vilivyobaki

Mama,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa jikoni na hakuna aliyeitikia. Nimekasirika, mama, na usiniambie nitulie.

Wiki iliyopita wale watu wa utafiti walirudi hapa mtaani Muyeye na majibu. Walikuwa wametupima damu nyumba kwa nyumba, baada ya sisi kukuzika kule kijijini Ganda. Walitukusanya kanisani wakasema wengi wetu tumewahi kuugua homa ya dengi bila kujua. Jirani yetu Mama Kadzo akaguna, "Kumbe miaka yote hii twameza dawa za malaria bure?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mbona hawakuja mapema? Zahanati walikupima mara mbili, malaria haikuonekana, na bado wakakupa dawa za malaria. "Huku kwetu homa ni malaria," alisema yule mhudumu, hata macho hakuinua. Nawe ukamkubalia. Nakukasirikia hata wewe. Ufizi ulikuwa ukitoka damu, ukasukutua kwa maji ya chumvi ukaniambia, "Si kitu, mwanangu, ni joto la homa."

Na mbu tuliwafuga wenyewe. Dada mmoja wa utafiti alipindua kifuu kwenye rundo lako la kuwashia moto, akanionyesha viluwiluwi ndani ya maji ya mvua. Hawa huuma mchana, mama. Sisi tulikuwa tukichomeka neti kila jioni na kujiona wajanja.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwao. Damu yangu nayo ilionyesha dengi. Hawawezi kusema niliugua lini, ila mimi najua. Ni ile homa ya masika, uliponikanda kwa kitambaa cha maji siku nne. Nilinunua vidonge vya maumivu, nikapona kabla havijaisha. Viungo vilipoanza kukuuma wewe, nikakupa vilivyobaki, kama tufanyavyo siku zote hapa nyumbani. Nilimuuliza yule dada. Akasema vidonge vya aina ile huzidisha kutoka damu kwa mwenye dengi. Kisha akaona uso wangu, akaongeza kwamba huenda si vyo vilivyokuua. Hiyo "huenda" yake siitaki. Nisamehe, mama.

Vifuu nimevichoma vyote. Jana Mama Kadzo aliamka na homa, akaja kuniuliza kama nina vidonge vya maumivu vilivyobaki. Nilimwambia sina. Nikamshika mkono hadi hospitali, nikasimama mlangoni nikigomba mpaka wakampima dengi. Wameniita mkorofi, na waniite.

Nakuahidi, hakuna homa ya mtu wangu itakayopewa jina kabla ya kupimwa. Lala salama, mama yangu. Jana nilimdanganya Mama Kadzo. Ulibakiza viwili, vimo kwenye kikombe chako cha chai, na hatapewa mtu yeyote.

Mwanao,
Dama