Makopo Kumi na Mawili ya Unga wa Magamba

Jumamosi, 11 Januari

Nimerudi nyumbani Kabondo na ndoo mbili za magamba ya samaki. Mwenye toleka alikataa kunibeba — eti baiskeli yake itanuka mpaka Pasaka. Nimetembea!

Magamba na ngozi vinatoka kwa kina mama wa sokoni. Wanaparua samaki, capitaine, wanatupa. Mimi naokota. Maman Georgette, dada mkubwa wa mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne, amewaambia wenzake: mutoto wangu Chimène amesoma kemia miaka mitano ili aje kuokota takataka. Wakacheka. Nami nikacheka.

Lakini ndani ya takataka iko kolajeni, ile inayoshika ngozi na viungo vyetu. Ukiikata vipande vidogo kabisa — peptidi — tumbo linaipokea vizuri. Kuna watafiti wanaosema inapunguza maumivu ya magoti. Wengine wanasema bado haijulikani. Bon. Mémoire yangu, andiko la kumaliza chuo, ndiyo hiyo.

Maman Georgette ana miaka thelathini kwenye kibao kifupi cha kuparulia samaki. Magoti yamekwisha. Akitaka kusimama: mkono mmoja mezani, mwingine begani kwangu, "Yezu!" — ndipo anainuka.

Jumatano, 22 Januari

Siki, maji, moto mdogo, halafu utomvu wa papai bichi. Huo ndio unaokatakata kolajeni. Kisha kuchemsha tena, kukausha maabarani (courant, umeme, imekatika mara tatu!), kutwanga. Unga mweupe, laini. Harufu yote imebaki nyumbani. Papa Moïse wa jirani ameuliza, kwa heshima kubwa, kama kuna aliyefariki humu ndani.

Jumatatu, 3 Februari

Tumeanza jaribio! Kina mama kumi na wawili, wote magoti mabaya. Nimeuliza nani huvimba akila samaki. Hakuna. Makopo kumi na mawili yenye namba: sita yana unga wangu, sita unga wa muhogo. Nani ana nini, hata mimi sijui. Profesa Wenceslas, anayeniongoza, ndiye aliyepanga, akafunga orodha ndani ya bahasha. Kijiko kimoja kwenye uji, kila asubuhi, wiki nane. Na mtu asiache dawa za daktari!

Nimeeleza mara mbili. Maman Félicité, anayeuza meza ya pili, akauliza: "Donc wengine watakunywa muhogo bure?" Nikasema ndiyo, ndivyo sayansi inavyotaka. Akaniangalia sana.

Kisha kipimo: kukaa na kusimama kitini mara tano, bila kushika kitu. Maman Georgette, sekunde ishirini na tisa. Jasho linamtoka. Nilitaka kumshika mkono — hairuhusiwi.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna jipya. Nimemuuliza Maman Georgette, magoti je? "Iko pale tu."

Jumatatu, 31 Machi

Mungu wangu! Nimepima: wote kumi na wawili wamekuwa wepesi. Maman Georgette, sekunde kumi na sita! Félicité kumi na tatu, na mwishoni akazungusha kiuno. Nimerukaruka sokoni kama mwehu.

Nikiwa kwenye moto, pikipiki ya abiria, kurudi nyumbani, nikaanza kuhesabu upya. Wote? Na wale wa muhogo je?

Jumanne, 1 Aprili

Nimeenda sokoni asubuhi bila kuaga mtu. Nawakuta wamepanga viti. "Moja! Mbili!" Wanakaa, wanasimama, wanaimba, wa mwisho anamparulia mshindi samaki mmoja. Kila asubuhi, tangu Februari! Kipimo changu wamekifanya mchezo.

Si hilo tu. Uji uko kwenye sufuria moja. Nikauliza, makopo yako wapi? Maman Félicité akasema: siku ya tatu alionja makopo yote, akajua lake na mengine matano ni muhogo. "Muhogo nimekula tangu meno ya utoto, utanidanganya?" Alitaka kujitoa. Maman Georgette akakataa. Akamwaga kopo lake kwenye beseni, wote wakamwaga. Wakachanganya, wakagawana sawa.

"Mama, si nilikueleza!"

"Ulieleza muzuri. Lakini tunauza pamoja, tunalala matanga pamoja. Magoti ya Félicité, hiyo si magoti ya mutu?"

Nimelia. Halafu nimecheka. Halafu nimelia tena. Ni unga? Ni mazoezi? Ni uji wa moto na wimbo? Hakuna atakayejua! Na natetea mémoire tarehe 25. Kurudia ni mwaka mzima.

Bahasha bado imefungwa. Profesa hajui kitu. Sekunde za wanawake sita tu… naweza kuzisogeza kidogo.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku nzima mbele ya karatasi mbili. Moja ya kweli. Nyingine ina wanawake sita ambao hawakupata nafuu. Nilipofika kwa Félicité, niandike bado anaumwa, nikamwona anazungusha kiuno. Nimeichana hiyo ya pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Profesa, ghorofa ya pili. Nimemwambia yote. Hakupiga kelele — heri angepiga. Alivua miwani. "Hata mmoja hakunywa unga wa kopo lake tu?" Hata mmoja. Akasema kuhusu unga sina cha kutetea. Kisha akasema labda kuna cha kuandika kuhusu hao kina mama wenyewe. Labda! Nisubiri nje, afikiri.

Asubuhi nilimwambia Maman Georgette kwamba naenda kusema ukweli. Alifunga kilemba, akatoka.

Sasa kuna kelele chini. Mlinzi anasema hawawezi kupanda wote. Sauti ya Félicité: "Tulimwaga pamoja, papa, tutapanda pamoja!"

Wanapanda. Nasikia kandambili, nyingi. Maman Georgette yuko mbele, namjua kwa kikohozi. Sasa atasimama kwenye kona ya ngazi apumue. Hajasimama. Mlango umefunguka, Profesa ametoka, anasikiliza. Ameinua mkono, anatazama saa yake, midomo inahesabu sekunde —