Macho Yaliyoruka Mbele ya Polisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana tangu Ijumaa iliyopita silali. Mimi ni dereva wa basi la shule huku Wisconsin, Marekani, mwaka wa kumi na tisa huu, na kwenye likizo nilikwenda na dada yangu kula samaki wa kukaanga mchana, nikanywa brandi glasi moja, moja tu nakuapia, nikarudi na gari langu, polisi akanisimamisha kwa sababu taa ya nyuma imekufa, kumbe ni Kyle, niliyembeba kwenye basi tangu chekechea.

"Bi Verna, umekunywa?"

"Mbili tu, Kyle," nikasema, maana huku kila mtu husema mbili, aliyekunywa moja na aliyekunywa saba, akaniomba nifuate kalamu yake kwa macho bila kugeuza kichwa, ndivyo wanavyopima ulevi barabarani, nikaona haya kumkatalia.

"Macho yako yanarukaruka, Bi Verna. Nisamehe, nakufunga pingu."

Damu wameichukua, majibu bado. Wakili anataka daktari aandike kwamba macho yanaruka kwa dawa ninazotumia, na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu ni dawa za kifafa, nilizianza Februari baada ya kuanguka jikoni, ofisini hawajui, hata mume wangu Duane anadhani ni za presha. Nikisema, nimeliaga basi. Nikinyamaza, mimi mlevi. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nifanyeje?

Bi Verna (si jina langu)

Bi Verna, pole. Kalamu ile ungeweza kuikataa kwa heshima, na hata kipimo cha kutembea juu ya mstari, kama angekiomba. Damu ni jambo jingine: ukiikataa baada ya kukamatwa, leseni iko hatarini. Na hiyo "mbili" nani alikutuma? Polisi akikuuliza umekunywa, una haki ya kunyamaza, na si utovu wa adabu. Kyle hakukuonea. Macho yaliruka kweli, ila kalamu haijui kutofautisha brandi na dawa.

Sasa nikugombeze. Unalilia jina lako, mimi nawaza watoto uliowabeba tangu Februari! Ungeanguka kwenye usukani, ungewaambia nini wazazi wao? Halafu juu ya dawa hizo ukamimina brandi!

Mwambie Duane leo, kabla hamjala. Barua ya daktari mpe wakili, na nakala uipeleke ofisini kwa mkono wako. Majibu ya damu yakija na barua ya kukufungia leseni, isome siku hiyo hiyo, siku za kuomba kusikilizwa ni chache. Basi utaliacha, na utalia, najua. Lakini Jumatatu usilipande. Piga simu sasa hivi, waambie unaumwa. Hilo angalau si uongo.