Moto wa Chiungutwa Ulipoanzia

Masasi,
Novemba.

Kaka yangu Joel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Rose na watoto, na kwamba baridi ya huko Makambako imelegea kidogo. Kifua cha Danieli kimetulia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Huku jua limekaza na watu wote wako mashambani wanaokota korosho.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwa simu ungenikatiza, nami nisingeweza kuanza tena. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho kabla hujanipigia.

Siku ya moto sijawahi kukusimulia. Msibani hukuniuliza. Simu iliingia kituoni tukiwa tumemaliza kula mchana. Aliyepiga alisema nyumba inaungua Chiungutwa, nyuma ya kanisa. Nyuma ya kanisa kuna nyumba nyingi, kaka. Nilivaa koti, nikafunga kofia, nikapanda gari. Njiani niliwaza kazi tu: maji tuliyobeba, na wapi tutaongeza yakiisha. Tulipokata kona ya shule nikauona moshi mweusi, mzito, nikajua ni korosho zinazoungua, maana mafuta ya ganda lake hutoa moshi wa namna ile. Halafu nikaona unatoka kwetu.

Paa lilikuwa limeshakaa chini. Kiongozi wetu aliniambia nibaki garini. Sikubaki. Nilishika mpira wa maji mahali pangu pa siku zote, na moto ulipozimika nikaukunja vizuri kama tulivyofundishwa. Mama alitolewa na wenzangu. Mimi nilikuwa nakunja mpira. Watu waliponiona sina machozi walisema ndiyo mafunzo ya Zimamoto. Labda. Machozi hayajatoka hadi leo.

Ya mazishi unayajua, ila niyarudie, kwa sababu wewe uliondoka kesho yake na hukuona yaliyofuata. Tayari kijijini maneno yalikuwa yanasemwa. Mama na jirani yake Mama Awadhi walikuwa wamegombana msimu uliopita kwa ajili ya mikorosho ya mpakani. Siku ya moto kijana mmoja wa bodaboda alimwona Mama Awadhi akitoka mbio uani kwetu, peke yake, watu wengine wakiwa mashambani. Pale kaburini alikuja, akasimama nyuma kabisa na mikono yake ndani ya kanga. Wewe ukasema mbele ya mchungaji na watu wote, "Aliyemchoma mama yetu yupo hapa hapa, na mikono yake ameificha." Kila mtu aligeuka. Sikulaumu, ulikuwa umesafiri usiku kucha na kichwa chako hakikuwa chako.

Jioni ile watu walimrushia Mama Awadhi mawe juu ya bati la nyumba yake. Wengine walisema moshi ule mweusi haukuwa moshi wa kawaida, ni dawa ya kichawi. Asubuhi mwanawe, Ziada, alikuja kumchukua kumpeleka Newala. Mlango wa nyumba yake umeng'olewa, sijui na nani. Makopa ya muhogo aliyokuwa ameanika yameliwa na mbuzi.

Sasa nikueleze habari ya uchunguzi. Moto ukiua mtu, sisi Zimamoto hatuishii kuuzima. Anakuja mkaguzi, kwa kushirikiana na polisi, kutafuta ulianzia wapi na kwa nini. Kwetu alipangiwa Mkaguzi Optatus, mtu wa Lukuledi, mpole, asiyesema sana. Mimi nikiwa mtoto wa marehemu sikuruhusiwa kugusa kitu. Nilisimama nje ya utepe kama mtu mwingine yeyote, na wanakijiji walisimama nami, wakingoja ataje jina.

Hakutaja jina la mtu. Alipiga magoti kwenye majivu, akachambua kwa mwiko na brashi, akapiga picha kila pembe. Watu walipomwambia juu ya moshi, aliwaeleza habari ya mafuta ya ganda la korosho, kwa kuwa magunia ya mama yalikuwa chumbani. Walipomwambia ilikuwa petroli, alisema amenusa na amechukua udongo, na haoni dalili yake. Mzee mmoja alimuuliza kwa ukali, basi nani amefanya. Akamjibu, "Baba, kazi yangu ni kusema moto ulianzia wapi na ulianzaje. Nikianza na mtu, nitaukunja moto umfuate huyo mtu." Mzee akaondoka anaguna.

Baadaye ilibidi akamhoji Mama Awadhi kama shahidi. Nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote Newala. Ziada anakaa pembeni kabisa mwa mji, pale ardhi inapokatika na unaliona bonde la Ruvuma chini. Maji yalikuwa hayajatoka mtaani kwao tangu wiki iliyopita. Tulimkuta mama yule amekaa kwenye foleni ya ndoo kisimani, anamlindia mwanawe nafasi tu, maana kubeba hawezi. Nilimpa shikamoo. Aliitikia marahaba kama zamani, akaniuliza kama nakula.

Optatus alimwomba aeleze alichoona. Akasema alikuwa anageuza makopa yake nyuma ya nyumba, akasikia mlio kama wa kitu kinachopasuka, kisha mama anaita. Mama alikuwa amelala kwa sababu ya mguu wake, na unajua alivyozoea kutia komeo akilala mchana. Mama Awadhi alisukuma mlango ukagoma. Akazunguka dirishani, akashika nondo, akavuta. Alivuta mpaka mama akanyamaza ndani. Ndipo akakimbia kutafuta watu barabarani.

Optatus akamwomba aonyeshe mikono. Akaitoa ndani ya kanga. Kaka, viganja vyote viwili vimeungua mstari mmoja mmoja, upana wa nondo za dirisha letu. Nondo zenyewe mkaguzi alikuwa amekwisha kuzipima, na moja ilikuwa imelegea kwenye simenti kwa kuvutwa kutoka nje. Pale kaburini alificha vidonda. Nilimuuliza mbona hakusema. Akasema, "Ningesema nini mwanangu? Kwamba nimeshindwa kumtoa?"

Nilimtazama. Nilijua kwamba hapo mtu angelia. Nikamsaidia kufunga kitambaa chake.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu. Kaa vizuri, kaka.

Moto ulianzia kwenye betri ya sola. Ile uliyoileta Pasaka ukaifunga mwenyewe, mama akawaita majirani waje waone taa. Optatus ameikuta kwenye kona ya chumba, imepasuka kutokea ndani, na simenti ya chini yake imevunjika kwa joto. Waya za paneli zilikuwa zimeunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Hakukuwa na kontrola ya kuizuia isijae kupita kiasi. Amechambua majivu yote, hakuna hata kipande chake. Siku ile jua lilikuwa kali, betri ikachemka hadi ikalipuka, na magunia yalikuwa karibu. Aliniuliza ni fundi gani aliyefunga. Nikamwambia ni kaka yangu. Akaandika, kisha akasema taarifa yake itaeleza chanzo na hitilafu, na nyumba nyingine zenye sola kijijini zitakaguliwa.

Halafu lipo la mwisho. Siku ile ile kule Newala, Optatus aliposogea kando kuzungumza kwa simu, Mama Awadhi alinivuta karibu. Alisema yeye na mama walipatana tangu Ramadhani, walikuwa wakifuturu pamoja, ila hawakumtangazia mtu. Na mama alikuwa amemwambia kwamba ile betri inapata moto mchana hadi haishikiki. Mama Awadhi akamshauri akupigie simu akuambie. Mama akakataa. Alisema mwanangu amejinyima kuniletea taa, nikilalamika ataona sikushukuru.

Kisha akaniomba nisikuambie. Nakuandikia maneno yake yalivyokuwa: "Mwache Joel anidhanie mimi. Mimi nimeshazeeka, nina kwa Ziada pa kukaa. Yeye ni kijana, hili ataliweka wapi?" Alinishika kwa vidole tu, kwa kuwa viganja haviwezi, akangoja niahidi. Nikaahidi.

Ahadi hiyo nimeivunja leo kwa mkono wangu. Nimefikiri sana juu yake, ingawa siku hizi kufikiri kwangu ni kama kuangalia kitu kilicho ng'ambo ya kioo. Ningeweza kukaa kimya na usingejua kamwe, maana taarifa itabaki ofisini na wewe uko mbali. Lakini mtu aliyeungua kwa ajili ya mama yetu anakaa ugenini kama mchawi, na maneno yaliyompeleka huko yalitoka kinywani mwako. Mimi nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mchungaji, nimewaeleza. Wamenisikiliza. Mchungaji alisema watu waliyasikia kwa mtoto mkubwa wa marehemu, na watamwamini yeye tena, siyo mimi.

Kwa hiyo njoo, kaka. Sikuiti ili nikugombeze. Sina hasira, wala sina faraja ya kukupa. Nikitafuta ndani sioni kitu bado. Najua tu kwamba ulifunga taa ili mama asikae gizani, na hilo nalo ni kweli.

Ukifika Masasi usipitie kwangu kwanza, panda gari la Newala moja kwa moja. Wala usimpigie Mama Awadhi kumwarifu. Atakuambia usije.

Nisalimie wifi Rose, na Danieli na mdogo wake waambie shangazi yao yupo.

Mimi mdogo wako,
Yuster